Kutoka Dodoma hadi mita 3,250: kupanga safari ya skii kwenye barafu ya Hintertux

Anza na urefu wa mlima, mengine yafuate. Tarehe, bajeti, nguo, hata swali la nani aje na nani abaki, yote yanategemea utapanda mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Nawaandikia wenzangu mliotoka Dodoma, Singida, Kondoa na Mpwapwa ambao sasa mko Ujerumani, Uingereza, Uholanzi na kwingineko, na ambao wenzenu kazini wameshawaalika kwenda kuteleza kwenye theluji, au watoto wamerudi kutoka shule wakidai kwamba darasa zima linajua isipokuwa wao.

Nitatumia mfano wa Hintertux, huko Tirol, Austria. Kijiji kiko mwisho wa bonde la Tux, takribani mita 1,500, na magari ya nyaya yanakupandisha hadi mita 3,250. Huko juu barafu haiyeyuki yote hata Agosti, ndiyo maana watu huteleza mwaka mzima. Milima mingi ya chini inategemea theluji ya msimu, na miaka hii msimu hauaminiki. Ukilipia likizo miezi sita kabla, barafu ya juu inakupa uhakika zaidi, ila uhakika huo una bei yake mwilini.

Dodoma mjini iko kama mita 1,100. Singida iko karibu sawa na kijiji cha Hintertux, kwa hiyo kulala pale hakuna tofauti kubwa na kulala nyumbani kwa shangazi. Shida ni kupanda. Mtu anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,720, ndipo kesho yake apite urefu wa mita 3,250 akielekea Horombo. Wewe utaufikia chini ya saa moja, umekaa, unakunywa chai ya chupa. Shinikizo la hewa huko juu ni kama theluthi mbili ya lile la pwani, na mapafu hayajali kwamba ulilipa tiketi. Wala usidhani kukulia Dodoma kutakusaidia: ukishaishi Hamburg au London miaka kadhaa, mwili umezoea hewa ya usawa wa bahari.

Kwa hiyo fika siku moja kabla, ulale chini. Mayrhofen iko kama mita 630, Lanersbach kama 1,300, na kote kuna basi la kukupeleka kwenye lifti, yaani yale magari ya nyaya. Siku ya kwanza ishia kituo cha katikati cha Sommerberg, mita 2,100, au kidogo juu yake. Kunywa maji, pombe iache hadi jioni ya siku nyingine. Kichwa kikiuma, ukasikia kichefuchefu na kizunguzungu, shuka. Dawa ya kutuliza maumivu itaficha dalili tu. Anayeanza kuyumba akitembea, kuongea ovyo au kuhema akiwa amekaa ashushwe papo hapo, asiachwe apumzike kwenye benchi.

Lipo jambo ambalo miongozo mingi ya Wazungu hailiandiki kwa sababu haliwahusu sana, nalo ni seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye ugonjwa huu asipande kabisa bila daktari wake kumruhusu, maana hewa chache na baridi vyote viwili huchochea maumivu makali. Lakini hata aliyerithi kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani anahesabiwa mzima na amecheza mpira maisha yake yote, anaweza kuharibikiwa na wengu akipanda haraka kwenye mlima mrefu. Ni nadra. Ikitokea, huanza kwa maumivu makali ubavuni, upande wa kushoto juu, na daktari wa kijiji cha Alps anaweza asifikirie hilo mpaka umwambie. Kipimo ni cha damu, tena rahisi. Kipime kabla ya kulipia hoteli. Kwetu tunazoea kuliona kama suala la watoto, pengine kwa sababu habari tunazosikia ni za wale wanaopandikizwa uloto, ute wa ndani ya mifupa, pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Watu wazima nao wajijue.

Kuhusu tarehe, kuna mvutano kati ya kalenda za nyumbani na za huku. Ukitaka wadogo zako waje kutoka Dodoma, shule zinafunga Juni na Desemba. Juni sehemu iliyo wazi huko juu ni ndogo, na theluji inalainika mapema: watu wanaanza asubuhi, saa sita mchana wamemaliza. Joto nalo limeanza kuamua. Mwishoni mwa Julai 2022 Zermatt, Uswisi, mahali pa juu zaidi kuliko Hintertux, walisitisha skii ya kiangazi kwa muda. Wiki ya Krismasi nayo ni ghali na foleni zake ndefu. Ningekuwa na uhuru wa kuchagua, ningekwenda nusu ya pili ya Novemba au wiki za katikati ya Januari. Na kila mpango uwe na siku moja ya akiba, kwa sababu upepo mkali ukivuma lifti za juu hufungwa, na hapo hakuna wa kumlalamikia.

Makaratasi yawahi kuliko buti. Mwenye pasipoti ya Tanzania na kibali cha kuishi Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, anaweza kwenda Austria kwa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Abebe pasipoti na kadi ya ukaazi, vyote viwili. Aliyeko Uingereza anahitaji viza ya Schengen hata kama kibali chake cha Uingereza ni cha kudumu, na hili huwashtua wengi wiki mbili kabla ya safari. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla, na lisiwe chini ya siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya matibabu isiwe chini ya euro 30,000.

Kwa ndugu anayetoka Dodoma, alama za vidole hutolewa ana kwa ana, hivyo ahesabu safari ya Dar es Salaam. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma 2024, imerahisisha hilo. Aliyewahi kutoa alama hizo kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita kwa kawaida hatakiwi kuzitoa tena. Barua yako ya mwaliko ieleze bila kupamba: nani analipa, mtalala wapi, anarudi lini, na nyumbani ana nini cha kumrudisha. Usiandike kwamba anakuja "kutembea" halafu kwenye nafasi ya hoteli ionekane wiki nzima ya skii. Afisa anasoma vyote.

Bima iliyotimiza masharti ya viza si lazima ikulinde mlimani. Soma sehemu ya michezo ya majira ya baridi, kisha tafuta maneno mawili: uokoaji na helikopta. Austria, mtu aliyevunjika mguu akiteleza anaweza kuletewa bili ya helikopta ya maelfu ya euro, na kadi ya kawaida ya afya ya Ulaya haiilipi. Mkivuka kwenda upande wa Italia, tangu 2022 sheria inamtaka kila anayeteleza awe na bima ya kumfidia mtu atakayemgonga. Namba ya uokoaji wa milimani Austria ni 140. Ya dharura Ulaya nzima ni 112. Ziwekeni kwenye simu zote, hata ya mtoto.

Nguo sasa. Joto hushuka kama nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000, kwa hiyo kijijini ikiwa sifuri, juu itakuwa hasi 11 kabla hujahesabu upepo. Suruali za jinzi na fulana za pamba ziache: zikilowa jasho hazikauki, na hapo ndipo baridi inapoingia. Ndani vaa kitambaa cha sufu au cha michezo, katikati sweta jepesi, juu koti na suruali visivyopitisha maji. Nguo hizi mpya zina bei ya kutisha, lakini ndugu anayekuja apite kwanza kwenye mitumba ya Sabasaba. Yale makoti mazito ambayo bodaboda huvaa alfajiri, mengi yalishonwa kwa ajili ya skii. Amwage maji kidogo begani kabla ya kulipa, yakinywewa, aliache. Glavu na miwani nunueni huku.

Jua la juu lisidharauliwe na mtu kwa kuwa limemlea. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana lakini inayounguza, huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 yake usoni kwako. Macho yanaungua usiku baada ya siku ya furaha, ngozi nyeusi au nyeupe. Krimu ya kukinga jua ya kipimo cha 50, pakeni hadi chini ya kidevu na puani.

Dada zangu, nywele. Helmeti haikai juu ya rasta nene zilizofungwa kichwani. Misuko ya chini, mfano twende kilioni, ndiyo inayofaa, ncha zishuke mgongoni ndani ya koti. Nenda dukani kukodi ukiwa na mtindo uleule utakaoteleza nao. Wanaovaa hijabu wachukue ile ya michezo inayobana, kwa sababu ncha inayopepea karibu na lifti ni hatari.

Vifaa kodini, msinunue. Dukani watakuuliza uzito, urefu na umri ili wafunge kifungio kinachoachia buti ukianguka. Ukipunguza kilo kwa aibu, au kuziongeza kwa majivuno, goti lako ndilo litakalolipa. Tiketi ya lifti ya siku moja msimu mkuu inazidi euro 70, na kodi ya vifaa pamoja na mwalimu vinaweza kuongeza kiasi kama hicho au zaidi. Kwenye mwalimu msibane. Mume au rafiki anayejua si mwalimu. Mwenye umri mkubwa aanze na skii, zile mbao mbili, kila mguu na wake. Snoubodi, ubao mmoja wa miguu yote miwili, huangusha sana siku za mwanzo na huvunja vifundo vya mikono, kwa hiyo anayeichagua avae kinga za vifundo hivyo.

Njia za kutelezea zina rangi: za bluu ni rahisi, nyekundu za wastani, nyeusi ngumu. Aliye mbele yako ana haki, wewe wa nyuma ndiye wa kumkwepa. Na msitoke kabisa nje ya njia zilizowekewa alama. Kwenye barafu ya kudumu kuna nyufa ndefu zilizofunikwa na theluji laini, na macho hayazioni.

Suala la chakula linamalizwa kwa kukodi nyumba yenye jiko. Ndugu asibebe nyama kavu wala maziwa, Ulaya hairuhusu. Zabibu mbichi za Dodoma nazo zinadai cheti cha afya ya mimea. Wasiokula nguruwe waulize kabla ya kuagiza supu za mlimani, kwani vipande vya nyama hiyo iliyokaushwa huingia hata kwenye madonge ya mkate.

Mama au baba mkwe asiyetaka kuteleza naye ana nafasi. Kuna tiketi ya watembea kwa miguu, na chini ya njia za juu lipo pango ndani ya barafu yenyewe ambalo huingizwa wageni kwa kuongozwa. Akiwa na shinikizo la damu au moyo, amuulize daktari wake Dodoma kabla ya kupanda ndege, na dawa azibebe kwenye mkoba wa mkononi. Daktari akisita, abaki mgahawani Sommerberg, nanyi mshuke kula naye mchana.