Kumpeleka mgeni kuvua sangara kwa fimbo: hatua kwa hatua kutoka Mwanza

Kuanzia Juni hadi Septemba wageni wanaotaka kuvua huongezeka Mwanza. Kuna watalii waliotoka Serengeti na siku mbili zimewabaki, kuna watu wa Dar waliokuja harusini, kuna wafanyakazi wa ofisini wanaotafuta Jumamosi isiyofanana na nyingine. Karibu wote wanakuja na picha ileile kichwani: sangara wa kubebwa na watu wawili.

Mwongozo huu ni wa kijana mwenye boti, anayelijua ziwa, ila hajawahi kubeba mgeni mwenye fimbo mkononi. Kama unatoka kwenye uvuvi wa makila, yaani nyavu za sangara, jiandae kubadili mawazo. Wavu unatega usiku, asubuhi unahesabu. Hapa unamtafuta samaki mmoja mmoja mbele ya mtu aliyelipa, na mambo makubwa yote (saa ya kutoka, upande wa kwenda, samaki wa kuachia na wa kubeba) yanaamuliwa mkiwa bado nchi kavu. Ndiyo maana nusu ya hatua hizi zinafanyika kabla injini haijawaka.

Hatua ya 1: Karatasi

Boti inayobeba watu kwa malipo lazima ikaguliwe na kupewa cheti na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Leseni ya uvuvi ulizia kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, na umweleze wazi kwamba ni uvuvi wa burudani na una wageni, ili akuelekeze leseni inayohusika, kwa mtanzania na kwa mgeni wa nje. Salimia pia uongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, wa mwalo (bandari ndogo ya wavuvi) unaotokea. Wao ndio watakaoulizwa kwanza siku ukichelewa kurudi.

Mgeni akitaka Rubondo, hiyo ni safari nyingine kabisa. Kisiwa kile ni hifadhi ya taifa tangu 1977, uvuvi wa biashara ni marufuku, na wa fimbo unahitaji kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Usimwahidi kwenda na kurudi siku moja kwa boti kutoka mjini. Siku hizi barabara imekuwa nyepesi kwa sababu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025: mnapita kwa gari hadi upande wa Geita, mnachukua boti Nkome, mnalala hukohuko.

Hatua ya 2: Soma upepo kabla ya kusoma samaki

Hapa ndipo wanaoanza kazi hii wanapopotea, hata waliozaliwa ufukweni.

Kiangazi upepo wa usiku na alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani, ukisukumwa na ule wa kusini-mashariki unaotawala msimu huu. Ukisimama Luchelele au Capri Point saa kumi na moja alfajiri utaona maji yametulia kama hakuna upepo kabisa, maana vilima na mawe ya mji vinakukinga. Unatoka na upepo mgongoni, boti inateleza, mgeni anafurahi. Kadiri unavyoacha ghuba ya Mwanza na kufungukia ziwa kubwa, mawimbi yanakua nyuma yako bila kuyahisi. Utayahisi utakapogeuza. Kurudi dhidi ya upepo ule kunakula mafuta karibu mara mbili, na kila wimbi linamwaga maji mapajani mwa mtu aliyekulipa.

Baadaye asubuhi upepo hulegea, kisha alasiri unageuka na kuanza kutoka ziwani, kaskazini-magharibi. Ule muda wa katikati ndio dirisha lako la kurudi. Mimi napanga hivi: kutoka mwaloni saa kumi na mbili kamili, chambo majini kabla ya saa moja, na saa tano tumeelekeza omo, mbele ya boti, nyumbani. Mgeni akisema anaamka saa tatu, mwambie kwa upole kwamba saa tatu sangara ameshakula na yeye anakuja kutalii tu. Anaweza kutalii, lakini bei na ahadi ziwe za utalii.

Angalia utabiri wa Ziwa Victoria unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya siku iliyotangulia, na uuangalie tena alfajiri. Mvua za radi za ziwa letu hupenda usiku na alfajiri. Kiangazi zinapungua, haziishi. Ukiona wingu jeusi limeshuka hadi majini na upepo wa baridi umekuja ghafla, usibishane nalo. Laza fimbo chini, nyingi siku hizi ni za kaboni na zinavuta radi, kisha ujifiche nyuma ya kisiwa kilicho karibu.

Hatua ya 3: Boti

Kwa wageni wanne na wasaidizi wawili, boti ya mita saba hadi nane yenye injini ya farasi 40 inatosha. Mafuta yagawe mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, fungu la akiba lisiloguswa. Beba plagi za akiba, pini ya propela, chujio la mafuta, kopo la kutekea maji na kasia mbili. Kasia ambazo mtu anaweza kupiga nazo kweli, maana nimeona boti zinabeba vipande vya mbao kwa ajili ya mkaguzi.

Jaketi la kujiokolea livaliwe mwaloni, likafungwe, na mtoto apewe la saizi yake. Idadi ya watu iliyo kwenye cheti ndiyo idadi. Akitokea shemeji wa mgeni ufukweni anataka kuruka ndani, anabaki. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimezidisha watu, wakafa zaidi ya 200. Walikuwa wanaiona nchi kavu.

Simu weka kwenye mfuko usioingiza maji, na umwachie mtu wa mwaloni njia yako na saa ya kurudi. Mtandao hukatika ukishaacha visiwa vya karibu. Namba ya zimamoto na uokoaji ni 114.

Hatua ya 4: Fimbo, mshipi na breki

Fimbo fupi na ngumu kiasi, rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) imara, mshipi wa kilo 15. Mwishoni mwa mshipi funga mita moja na nusu ya nailoni nene, ya kilo 40 hivi. Sangara hana meno marefu, ila mdomo wake ni msasa: vijino vidogo vingi vinasugua mshipi hadi ukatike. Tena kingo za mashavu yake zina makali. Bila nailoni nene utavua hadithi.

Chambo ninachopendelea ni samaki bandia wa sentimita 12 hadi 18 mwenye ulimi wa plastiki mbele, ule unaomzamisha akivutwa. Chukua wanaozama mita tatu na wengine wanaofika mita sita. Rangi watu wanabishania sana. Mimi natumia ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kijivu chenye mistari, na nyingine ya dhahabu asubuhi kukiwa na mawingu. Kwa koleo, bana vile vijino vya ndoano vinavyozuia kuchomoka. Samaki atatoka kirahisi unapotaka kumwachia, na siku ndoano ikiingia kidoleni mwa mgeni utashukuru zaidi.

Sasa breki ya rili. Watu wengi wanakaza kwa kuhisi na mkono, na mkono hudanganya. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya buchani. Funga ncha ya mshipi kwenye kulabu yake, mwenzako aishike kwa mikono miwili mita kumi mbele yako. Wewe shika fimbo kama unapigana na samaki, iiname, uvute taratibu huku yeye akisoma. Mshipi ukianza kuteleza na rili kulia, mizani iseme kilo nne hadi tano. Ikisema saba, legeza. Ikisema mbili, kaza. Fanya hivyo kwa kila fimbo, kila asubuhi, kisha mwambie mgeni asiguse kile kifundo cha breki. Atakigusa. Mwangalie.

Hatua ya 5: Maongezi ya mwaloni

Dakika kumi, kabla ya kupanda boti. Mweleze kwamba rekodi ya dunia ya sangara wa fimbo, zaidi ya kilo 104, ilitoka Ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000, na kwamba ziwa letu linavuliwa usiku na mchana na maelfu ya watu. Kilo tano hadi kumi ni samaki mzuri. Kilo ishirini ni ya kupigia simu nyumbani. Kutopata kabisa kunawezekana.

Kisha mkubaliane juu ya samaki: wangapi mtabeba, wangapi mtaachia, na nani anachukua minofu. Usipolisema hili mapema, mtabishana mwaloni mbele ya wanunuzi huku mgeni akishangaa.

Mwisho, asitumbukize miguu kwenye majani ya ufukweni wakati wa kupanda. Kichocho kipo. Mbebe, au tumia gati.

Hatua ya 6: Kutafuta mahali

Sangara anakaa palipo na chakula, hewa na kitu cha kujificha nyuma yake. Kiangazi zile pepo kavu hulipoza na kulikoroga ziwa, hewa ikafika hadi chini, na samaki wakatawanyika kwenye kina. Miezi ya mvua maji hukaa kwa matabaka, na chini kabisa panakosa hewa. Kwa hiyo kiangazi, badala ya kuhangaika na vilindi, mimi nashika mawe: ncha za visiwa na miamba inayoendelea chini ya maji baada ya jabali unaloliona juu, kwenye kina cha mita tano hadi kumi na mbili. Mawe ya Mwanza hayaishii ufukweni.

Tazama mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki. Wakizama kundi zima mahali pamoja, chini kuna dagaa au furu. Usiku wa giza boti za dagaa zinakusanya dagaa kwa taa, na sangara hufuata. Alfajiri yake, pembeni ya zilipokuwa taa, pita taratibu. Mbalamwezi ikiwa kubwa boti hizo hupumzika, na wewe urudi kwenye mawe.

Ukikuta wavuvi wanavuta migonzo, yaani mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, punguza mwendo kwa mbali na uwasalimie kwanza.

"Mwangaluka baba! Migonzo imelala wapi?"

"Mwangaluka. Kuanzia lile dumu la njano hadi kule mwambani. Pita huku nyuma, mwanangu."

Salamu hiyo inaokoa chambo zako, propela yako na ndoano zao. Na mara nyingi mzee ataongeza, bila kuulizwa, samaki wamekula upande gani usiku.

Hatua ya 7: Kuburuta

Fimbo mbili zinatosha, tatu ni mwisho. Achia mshipi mita thelathini upande mmoja na arobaini upande wa pili, ili mkikata kona zisisukane. Mwendo uwe wa mtu anayetembea kwa haraka, kilomita tano au sita kwa saa. Ncha ya fimbo ikitikisika kwa mapigo ya haraka yasiyokatika, chambo kinaogelea. Ikitulia huku boti inakwenda, kimebeba jani la gugu maji. Vuta, safisha, rudisha. Kwenye ghuba kazi hiyo haiishi.

Usiburute kwa mstari ulionyooka. Pita ukiusogelea mwamba, uuache, uusogelee tena. Kila unapokata kona chambo cha ndani hupunguza mwendo, cha nje huongeza. Angalia kipi kimepigwa, na mzunguko unaofuata uendeshe boti yote kwa mwendo huo.

Hatua ya 8: Amekula

Nahodha, usizime injini. Endelea na mwendo sekunde tatu hadi tano ndoano iingie sawasawa, ndipo uweke gia huru. Msaidizi avute fimbo zote nyingine ndani. Mgeni mwenye samaki abaki na kazi moja: fimbo juu, mshipi usilegee. Samaki akikimbia, amwache akimbie. Breki uliyopima itafanya kazi yake. Sangara hupanda juu, akatoa kichwa chote nje ya maji na kukitikisa mdomo wazi. Hapo ndipo wengi hutoka. Mgeni ashushe fimbo kidogo, avute kwa pembeni, apunguze huo mruko.

Pembeni ya boti, tumia wavu wa mpini, kichwa kiingie kwanza. Vaa glavu. Miiba ya mgongoni inachoma na mashavu yanakata.

Hatua ya 9: Kupima, kuachia, kubeba

Bandika rula kwenye ubao wa boti. Pima kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Chini ya sentimita 50 ni kosa kumbeba, hata kama mgeni anasema ni mboga yake tu. Wakubwa sana mimi hushauri waachiwe baada ya picha, kwa kuwa wengi wao ni majike, ndio wanaotaga. Mshike kwa taya ya chini na mkono wa pili chini ya tumbo. Usimning'inize kwa mdomo peke yake. Mrudishe kichwa kikielekea boti inakokwenda, umshikilie hadi apige mkia mwenyewe.

Aliyetoka kina kikubwa, tumbo limevimba kwa sababu bondo, mfuko wake wa hewa, limefura, hataweza kuzama. Huyo beba, na umhesabu kwenye idadi mliyokubaliana. Mkate mishipa ya damu, mweke kwenye barafu mara moja. Bondo lake lina bei kubwa kuliko nyama, kwa hiyo nalo liwe limesemwa kwenye maongezi ya mwaloni.

Hatua ya 10: Baada ya kufika

Mgeni akishashuka, vuta mshipi wa kila fimbo kati ya kucha mbili. Pale unapokwaruza, kata. Mara nyingi ni mita mbili za mwisho. Vipande hivyo weka kwenye mfuko utupe nchi kavu, kwani vikibaki majini mnandi watavivaa shingoni. Badilisha ndoano zilizonyooka, legeza breki zote ili rili zisilale zimekazwa, kisha ujaze mafuta jioni hiyohiyo. Alfajiri vituo vingi bado vimefungwa.