Namna ya Kuandika Maisha ya Mwalimu Aliyetetea Haki za Raia: Mwongozo kwa Familia za Bukavu

Mwalimu aliyefundisha Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa miaka mingi, na ambaye wakati huohuo alishiriki maandamano ya shirika la raia, mara nyingi huachiwa kumbukumbu moja tu: hotuba ya sifa inayosomwa siku ya mazishi. Hotuba hiyo husema kwamba aliwapenda watoto na nchi yake, lakini haisemi alifundisha darasa gani, alilipwa na nani, wala alipinga jambo gani. Anayetaka kuandika maisha yake aanze na hayo matatu.

Tangulizeni karatasi kabla ya masimulizi, kwa kuwa wazee hukumbuka vizuri zaidi wakiwa na kitu mkononi. Tafuteni diploma yake, iwe ya D4 (miaka minne ya sekondari) au D6 (miaka sita), barua za kumpeleka katika shule mbalimbali, namba yake ya SECOPE, idara ya serikali iliyosimamia malipo ya walimu, na picha za darasa. Msishangae jina likibadilika: mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliamuru majina ya ubatizo yaachwe, hivyo Jean wa mwaka 1968 huenda akaonekana baadaye kwa jina la mababu peke yake. Nchi nayo iliitwa Zaire tangu 1971 hadi 1997, na shule za makanisa zilichukuliwa na serikali mwaka 1974 kabla ya kurudishwa chini ya usimamizi wa makanisa kwa mkataba wa 1977, kiasi kwamba mwalimu anaweza kuonekana amehama shule ilhali hakutoka katika chumba kilekile.

Sehemu inayodai subira kubwa ni ya mshahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, thamani ya mshahara wa serikali ilipoporomoka, wazazi walianza kumlipa mwalimu kwa ile iitwayo primu, na katika shule za msingi za umma utaratibu huo ulidumu mpaka serikali ilipotangaza elimu bila malipo mwaka 2019. Waulizeni wanafunzi wake wa zamani kama aliwafukuza wasiolipa au aliwaacha wakae, aligoma lini, na watoto walikaa nyumbani kwa muda gani. Kwa maoni yangu hapo ndipo utetezi wake ulipoanza, kabla hajashika bango lolote, nami siupendi wasifu unaotenga ualimu katika sura moja na harakati katika nyingine. Yasiyopendeza pia yaandikwe: mgomo uliodai haki ya mwalimu huenda ulimpotezea mtoto muhula mzima, na mtoto huyo, ambaye leo ni mtu mzima, ana la kusema.

Shahidi akishindwa kutaja mwaka, msimlazimishe. Mwulizeni kama ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo mji mzima unalikumbuka. Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Vita vya waasi wa RCD vilianza Agosti 1998. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alizuiwa kurudi Bukavu Februari 2000 akapelekwa Butembo, akarejea Septemba, akafariki Roma Oktoba ya mwaka huohuo. Anayesema «Kataliko alikuwa bado Butembo» amewapa miezi saba tu ya kuchunguza, wakati anayesema «wakati wa vita» amewapa miaka.

Majina ya wenzake walio hai yasiandikwe bila idhini yao. Mtetezi wa haki Pascal Kabungulu aliuawa Bukavu Julai 2005, na tangu kundi la waasi la M23 lilipoingia mjini Februari 2025 kuna mashahidi wenye sababu nzuri ya kukataa kutajwa. Hao waitwe tu «mwenzake wa shule» au «jirani».

Rasimu ikikamilika, isomwe kwa sauti mbele ya mjane, kisha kwa faragha mbele ya mwalimu mwenzake. Wakipishana, andikeni kauli zote mbili na kuonyesha ipi ni ya nani, halafu nakala moja ikahifadhiwe kwa ndugu anayeishi mji mwingine.