Simu ya mtumba: anza na kufuli, mikwaruzo baadaye

Mnunuzi akishika simu iliyotumika huigeuza nyuma na mbele, hutafuta mikwaruzo, hupiga picha moja ya dari, kisha huanza kuvutana bei. Mikwaruzo ndiyo kasoro nafuu kuliko zote: kava linaificha. Zinazoua simu hazionekani kwa jicho. Ni akaunti ya mtu mwingine iliyobaki ndani, mkopo ambao haujamalizika kulipwa, au kampuni iliyokwisha kuitupa simu na haitoi tena masasisho. Kwa hiyo ukaguzi uanzie huko, na uutengee dakika 40. Muuzaji asiye na dakika 40 mwache na simu yake.

Nenda na laini yako yenye bando, simu ya pili ya kuwashia hotspot, chaja na waya wako mwenyewe, na pini ya kufungulia trei ya laini. Betri ya simu unayoikagua iwe na chaji angalau asilimia 50, maana utaifuta yote na kuiwasha upya.

Kwanza piga *#06#. Itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili hutoa namba mbili. Linganisha na ile ya kwenye boksi na ile iliyo ndani ya mipangilio, upande wa “Kuhusu simu”. Ukiwa Tanzania, itume kwa SMS kwenda 15090; Kenya, kwenda 1555. Jibu hutaja aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Umeshika Samsung na jibu linataja kitu kingine? IMEI hiyo imepandikizwa. Lakini jibu zuri nalo lisikulevye. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, Tanzania ikafuata Juni 2016, na tangu hapo wanaotengeneza bandia wamejifunza kunakili IMEI za simu halali.

Sasa kufuli, na hapa usikubali njia ya mkato hata moja. iPhone zimekuwa na kufuli la akaunti tangu iOS 7 (iOS ni mfumo wa iPhone) ya mwaka 2013. Android wakaweka la kwao kuanzia toleo la 5.1, mwaka 2015. Lengo lilikuwa zuri, simu ya wizi isimfae mwizi. Tatizo ni kwamba kufuli haliwezi kutofautisha mwizi na mtu aliyenunua kwa uaminifu. Simu inaweza kufanya kazi vizuri miezi sita, siku ukiifuta ikadai barua pepe na nenosiri la mtu usiyemjua. Fanya hivi, muuzaji akiwa mbele yako:

1. Aondoe akaunti yake mwenyewe. Kwenye Android ni Mipangilio, kisha Akaunti, kisha aondoe ya Google na ile ya kampuni ya simu (Samsung na Xiaomi wana zao). Kwenye iPhone abonyeze jina lake juu kabisa ya Settings, ashuke hadi chini, atoke kwenye akaunti (Sign Out).
2. Aifute simu kupitia mipangilio, si kwa kubana vitufe vya pembeni. Ukifuta kwa vitufe huku akaunti ingali ndani, kufuli linabaki.
3. Ikiwaka upya, iunganishe na hotspot yako. Usiruke hatua ya intaneti. Kufuli huulizia makao makuu kwa mtandao. Anayekuhimiza “iruke tu, utaweka ukifika nyumbani” anajua kwa nini.
4. Endelea mpaka ukurasa wa nyumbani, ukiweka akaunti yako.

iPhone ikiandika “Locked to Owner” popote katika safari hiyo, mrudishie. Wapo mafundi wanaouza “bypass”, yaani ujanja wa kulikwepa kufuli. Simu ya namna hiyo mara nyingi haipigi wala kupokea kwa laini, na ukiisasisha au kuifuta, kufuli linaweza kurudi palepale.

Kufuta na kuunganisha intaneti kunafichua pia simu ya mkopo. Simu za lipa kidogo kidogo zina programu ya kampuni iliyozamishwa chini kabisa ya mfumo, na mwenye deni asipolipa, skrini inafungwa kutoka mbali. Kuifuta hakuitoi. Dalili ni ujumbe wakati wa kuwasha kwamba simu hii inasimamiwa na kampuni fulani, au programu ya mkopo kujipakua yenyewe. Anayesema “deni nitamalizia mwezi ujao” anakuuzia deni lake. Yapo makufuli ya mtandao vilevile, yanayoifanya simu ikubali laini za kampuni moja tu: kwenye iPhone fungua General, kisha About, utafute mstari wa Carrier Lock. Mstari huo uonyeshe “No SIM restrictions”. Na iPhone 14 na za baadaye zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tupu, laini ya kidijitali isiyo na kadi. Kabla ya kuivutia bei, hakikisha mtandao wako unatoa eSIM.

Bandia iliyotengenezwa vizuri hudanganya hata ndani ya mipangilio: GB 512 imeandikwa tu, uwezo halisi ni sehemu ndogo yake. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya “Kuhusu”, na usome kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Kisichothibitishwa kiache. Hatari yenyewe inapita kudanganywa ukubwa wa hifadhi. Aprili 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kuhusu kirusi cha Triada kilichokutwa kwenye simu bandia za Android kikiwa kimewekwa ndani ya mfumo kabla hazijafika kwa mnunuzi, na kina uwezo wa kuiba akaunti na kusoma SMS. Kuifuta simu hakukiondoi. Simu inayopokea ujumbe wa pesa zako si mahali pa kujaribia bahati.

Tukiwa kwenye uwezo: “RAM 8+8” (RAM ni kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi) si 16. Nane ya pili ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa, na hifadhi ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM. Matangazo hujumlisha ili karatasi ipendeze. Wewe lipia ile namba ya kwanza.

Swali linalosahaulika kuliko yote ni simu hii imebakiza miaka mingapi. Kampuni huhesabu ahadi yake ya masasisho tangu modeli ya simu ilipotoka sokoni. Siku uliyonunua wewe haimo kwenye hesabu. Google waliahidi miaka 7 kuanzia Pixel 8 (2023), na Samsung wakafanya hivyo kwa Galaxy S24 (2024). Galaxy A54 ya 2023 iliahidiwa miaka 5 ya viraka vya usalama, kwa hiyo inakwisha 2028, hata ukiitoa kwenye boksi lililofungwa mwaka 2027. Apple haijivuni kwa namba lakini kwa kawaida hufika mbali. Hata hivyo iOS 26 ya Septemba 2025 iliziacha iPhone XR na XS, na madukani bado husifiwa kana kwamba zimetoka jana. Simu za bei ya chini mara nyingi hupewa ahadi fupi, au hazipewi kabisa.

Huhitaji kukariri orodha. Kwenye Android fungua “Kuhusu simu”, kisha toleo la Android, usome tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa imepita mwaka na simu inajibu kwamba hakuna jipya, imeachwa. Itaendelea kupiga picha na kucheza video. Kitakachoanza kuikataa ni programu: tangu Mei 2025 WhatsApp inataka iOS 15.1 au zaidi, ndiyo maana iPhone 6 haifai tena kwa kazi hiyo hata ikiwa inang'aa. Simu ya bendera, yaani ya daraja la juu kabisa la kampuni, ya miaka minne iliyopita yenye miaka mitatu mbele ni bora kuliko ya bei ya kati iliyobakiza miezi. Wauzaji hawaipangi bei hivyo, na hapo ndipo mnunuzi anayesoma tarehe hufaidi.

Betri. Kwenye iPhone ni Settings, Battery, kisha afya ya betri. Chini ya asilimia 80 jihesabie betri mpya. Asilimia 100 kwenye simu ya miaka minne mara nyingi maana yake betri imebadilishwa: fungua General, About, na kama vipuri vyake si halisi au havitambuliki, simu zenyewe, hasa kuanzia iPhone 12, zitaandika “Unknown Part”. Samsung wanacho kipimo ndani ya programu ya Samsung Members. Penginepo, kipimo cha mkono: weka mwanga wa juu kabisa, cheza video dakika 10. Ikipoteza asilimia 5 au zaidi, betri imechoka. Ikiruka, tuseme kutoka 41 hadi 33 ghafla, imekufa. Wakati wa kuchaji tikisa waya kidogo. Chaji ikikatika-katika, mara nyingi ni vumbi lililoshindiliwa tunduni, lakini pia laweza kuwa tundu limelegea, na muuzaji ndiye athibitishe kwa kulisafisha mbele yako.

Kioo: kwenye Samsung piga *#0*#, utapata rangi nzima nzima za kujaza skrini na vipimo vya vihisi. Simu nyingine fungua picha nyeupe tupu. Tafuta mstari wa kijani au kivuli cha vitufe kilichoganda. Buruta alama ya programu yoyote polepole skrini nzima. Ikidondoka njiani, mahali hapo tachi imekufa. Maikrofoni si moja: rekodi sauti ya WhatsApp, kisha video, kisha piga simu kwa spika. Ukiwa kwenye simu funika sehemu ya juu kwa kiganja, skrini izime. Toa trei ya laini umulike ndani ya tundu. Kwenye iPhone alama iliyogeuka nyekundu inasema maji yaliingia. Weka laini yako usubiri 4G ionekane, ila PIN ya pesa usiiweke hata kwa majaribio mpaka simu iwe yako.

Kabla ya kutaja bei, mpigie fundi umuulize kioo na betri ya modeli hiyo ni shilingi ngapi. Kilichochoka kipunguzwe chote kwenye bei, si nusu. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu yenye jina la mpokeaji, na jina hilo lifanane na kitambulisho alichokuonyesha. Kwenye risiti ziandikwe tarakimu zote 15 za IMEI. Risiti ya “simu moja nyeusi” haitakusaidia polisi wakikupigia.