Jinsi ya Kujiandaa kwa Upasuaji wa Tezi Dume kwa Leza

Tezi dume iliyotanuka huubana mrija wa mkojo unaopita katikati yake, na dawa zisipofaa daktari anaweza kupendekeza leza, ambayo huingizwa kupitia njia ya mkojo bila kuchanja ngozi.

Kabla ya kukubali, uliza ni leza ya aina gani. Leza ya kijani huigeuza nyama iliyozidi kuwa mvuke, kwa hiyo hakibaki kipande cha kupimwa maabara, ilhali leza ya holmiamu huibandua nyama hiyo kutoka kwenye ganda la tezi, kisha hukatwakatwa ndani ya kibofu na kufyonzwa nje, njia inayofaa hata kwa tezi kubwa sana. Uliza pia kuhusu shahawa. Baada ya upasuaji huu, mara nyingi shahawa hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Hilo halina madhara kiafya, lakini anayetaka kupata mtoto anapaswa kulijua mapema, si akiwa tayari wodini.

Taja dawa zote unazotumia, hasa aspirini na nyingine za kuzuia damu kuganda, wala usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mkojo utapimwa, na maambukizi yakionekana hutibiwa kwanza. Upasuaji wenyewe hufanywa kwa ganzi ya mgongoni au nusu kaputi.

Utaamka ukiwa na mpira wa mkojo, ambao kwa kawaida huondolewa baada ya siku 1 au 2. Kunywa maji ya kutosha, usinyanyue vitu vizito, na epuka kufunga choo, kwa sababu kujikamua kunaweza kuamsha damu. Mkojo wenye wekundu hafifu unaweza kuja na kupotea kwa wiki kadhaa, na wengine huvujwa na mkojo kwa muda. Hapo husaidia zoezi la kukaza misuli ile inayozuia mkojo, kuishikilia kwa sekunde chache na kuilegeza, mara nyingi kwa siku. Ukishindwa kabisa kukojoa, ukitoa mabonge ya damu au ukipata homa, rudi hospitali mara moja.

Sehemu ya nje ya tezi hubaki mwilini, na saratani huweza kuanzia hapo, kwa hiyo endelea na kipimo cha PSA, yaani kipimo cha damu kinachosaidia kugundua saratani ya tezi dume, kadiri daktari atakavyoelekeza.