Ukuta Unaotoa Chumvi: Tafuta Maji Kwanza, Rangi Mwisho

Ukuta wa sebuleni umevimba chini, karibu na sakafu. Rangi inabanduka magamba magamba, ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe, na lipu ukiichokonoa kwa ncha ya kisu inamong'onyoka. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia dukani kununua ndoo ya rangi. Masika yakipita, rangi mpya nayo iko sakafuni.

Mimi ni fundi ujenzi, kazi zangu nyingi ni za Dar es Salaam na Tanga, na hili ndilo jambo ninalotaka kila mwenye nyumba alijue: ukuta wa namna hii unakunywa maji mahali fulani. Mpaka ujue ni wapi, na umekata njia hiyo, usifungue kopo la rangi. Kazi yenyewe unaweza kuifanya kwa mikono yako. Inadai subira kuliko ustadi.

Tofali la saruji lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji ya ardhini hupanda kupitia humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, na yanapopanda hubeba chumvi iliyomo ardhini na kwenye tofali lenyewe. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Inajikusanya nyuma ya rangi na ndani ya lipu, inaganda kuwa fuwele, na fuwele hizo zikikua zinaisukuma lipu kwa nguvu mpaka inaachia tofali. Ule unga mweupe ndio huo.

Hatua ya kwanza: jua maji yanatoka wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa hiyo usiharakishe.

Anza kwa kuangalia umbo la doa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha mstari wa mlalo unaofuata ukuta mzima, na kwa kawaida hauvuki mita moja hivi kutoka sakafuni. Doa lililo juu ya dirisha au kwenye kona ya dari halitoki chini: panda ngazi ukague bati, kofia za kilele cha paa, na misumari iliyolegea mipira yake. Doa la duara lililo peke yake katikati ya ukuta, hasa ukuta unaopakana na bafu au jiko, mara nyingi ni bomba lililofukiwa humo ndani.

Bomba linapimwa kirahisi. Usiku, watu wakishalala, funga koki zote za nyumba na uangalie mita ya maji. Andika namba. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua maji, iangalie tena. Kama imesogea, kuna mahali panavuja. Wanaotumia simtanki wafunge maji yanayoingia, kisha wapime kina cha maji kwenye tanki jioni na asubuhi.

Kwa sakafu ya bafu, ziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, mwaga maji yafunike sakafu, weka alama ya kina chake, uyaache kwa saa kadhaa. Yakipungua sana huku kitambaa kimeshika vizuri, yanapita kwenye maungio ya vigae kwenda ukutani.

Kisha kuna kipimo cha nailoni, ambacho mimi sianzi kazi bila hicho. Kata kipande cha nailoni angavu ukubwa wa karatasi ya kuandikia, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne pasipite hewa, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, ule uliogusana na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Matone yakiwa upande wa nje, ule wa chumbani, tatizo ni hewa: chumba hakipumui, mvuke wa jikoni au wa watu waliolala unagandia ukutani. Fangasi weusi nyuma ya kabati huwa ni kazi ya hewa mbovu, na dawa yake ni kufungua madirisha na kusogeza kabati mbali na ukuta.

Mwisho, toka nje, uzunguke nyumba. Nje huwa panasema mengi. Mara nyingi ninakuta mwenye nyumba amepandisha udongo wa bustani au amemwaga zege la baraza mpaka likapita usawa wa sakafu ya ndani. Msingi uliojengwa vizuri una DPC, ile nailoni au tabaka la kuzuia unyevu lililolazwa kati ya msingi na ukuta. Udongo wa nje ukiifunika DPC, maji yanairuka na kuingia moja kwa moja kwenye tofali za juu.

Hatua ya pili: kata njia ya maji

Shusha udongo wa nje mpaka uwe angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Uinamishe ukienda mbali na ukuta ili maji ya mvua yakimbie. Kama paa halina gata, maji yanayodondoka yanachimba mfereji na kurushia matope ukutani, basi weka gata, au walau tandaza kokoto chini ya mdondoko. Mahali ambapo huwezi kushusha udongo kwa sababu ya jirani au barabara, chimba mtaro mwembamba pembezoni mwa ukuta, uujaze kokoto na uupe mteremko kuelekea pa kutokea.

Bomba linalovuja litengenezwe kabla ya lingine lolote. Sitaki kusikia mtu amepiga lipu juu ya bomba linalotoa machozi.

Hatua ya tatu: bandua lipu iliyokufa

Zima umeme kwenye swichi kuu kama kuna soketi au nyaya kwenye ukuta huo. Vaa barakoa na miwani. Kama rangi ya zamani ni ya mafuta na nyumba ina umri mkubwa, usiipige msasa mkavu: rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Lowesha kidogo unapokwangua, na watoto wakae mbali.

Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo ukisikiliza. Lipu iliyoshika inatoa mlio mzito, mfupi. Iliyoachia inalia mtupu. Chora kwa chaki mpaka wa sehemu inayolia mtupu, kisha ongeza sentimita 30 juu ya hapo, kwa sababu chumvi imeshatangulia kuliko macho yanavyoona. Bandua yote kwa tindo na nyundo mpaka ufike kwenye tofali. Maungio ya tofali yachimbe kama sentimita moja na nusu ili lipu mpya ipate pa kushika.

Sasa chumvi. Isugue kwa brashi ngumu ikiwa kavu. Usioshe ukuta kwa maji, kwani maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani ya tofali. Tandaza mfuko chini unapopiga brashi, ukusanye unga wote na vipande vya lipu, ukavitupe mbali. Ukivifagilia nje chini ya ukuta huohuo, mvua ya kwanza itavirudisha.

Hatua ya nne: acha ukauke

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu. Kanuni ya wajenzi ni kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta. Tofali la inchi 6 lina karibu milimita 150, kwa hiyo hesabu inaweza kufika nusu mwaka. Najua hakuna anayependa kuishi na ukuta uliochunwa muda wote huo. Ila panga kazi na majira: bandua masika yakishakwisha, mwezi Juni, uache upepo wa kusi upite chumbani, madirisha wazi mchana kutwa. Chumvi itaendelea kutoka usoni mwa tofali, nawe uisugue kavu kila inapotokea. Rudia kipimo cha nailoni. Upande wa ndani ukibaki mkavu, endelea, na ujitahidi lipu iwahi kabla ya vuli.

Hatua ya tano: lipu mpya

Tumia mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa baharini una chumvi tele, ukiutumia umerudisha ukutani kilekile ulichokitoa. Kujua kama mchanga ni safi, jaza chupa angavu theluthi moja mchanga, ongeza maji, tikisa sana, iache saa chache. Udongo utatua juu ya mchanga kama tabaka laini. Tabaka hilo likiwa nene, likazidi sehemu moja kwa kumi na mbili za mchanga, tafuta mchanga mwingine au uoshe huo.

Mimi napenda kuchanganya chokaa: karai moja la sementi, moja la chokaa, sita za mchanga. Chokaa inaifanya lipu iwe laini mkononi, isipasuke, na iuachie ukuta upumue. Vaa glavu, maana inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni osha kwa maji mengi uende hospitali.

Nyunyizia tofali maji kidogo kabla ya kuanza ili zisinyonye maji ya mota, yaani huo mchanganyiko wa lipu. Usiogope, maji haya ni machache na yatakauka. Piga tabaka la kwanza la kama sentimita moja, lichore kwa msumari likianza kushika, kesho yake piga la pili jembamba na ulisawazishe kwa ubao ulionyooka. Chini acha nafasi ya sentimita mbili kati ya lipu na sakafu, lipu isiguse sakafu kabisa. Pengo hilo litafichwa na skatingi, ule ubao au kigae cha chini ya ukuta. Nyunyizia lipu maji asubuhi na jioni kwa siku saba.

Usitumie jipsamu kwenye sehemu hii ya chini. Jipsamu ikipata unyevu inalainika na kuanguka.

Kama nyumba yako ni ya mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, acha sementi kabisa. Kuta zile zimejengwa kwa chokaa na zinapumua kwa chokaa. Ukizifunga kwa sementi, unyevu unabaki ndani na kula jiwe na kuozesha boriti. Tafuta fundi wa chokaa, na uulize kibali kwanza, kwa kuwa miji yote miwili ni Urithi wa Dunia, Zanzibar tangu 2000 na Lamu tangu 2001.

Hatua ya sita: rangi

Subiri siku 28 baada ya lipu. Piga msasa mwepesi, futa vumbi, paka praima, rangi ya msingi, inayostahimili ukali wa sementi, halafu rangi ya maji mara mbili. Rangi ya mafuta ile ya kahawia watu wanayopaka nusu ukuta ili isishike uchafu, kwenye ukuta huu iache. Inafunga unyevu, nao unatafuta njia kwa kuivimbisha. Vigae vya ukutani ni vivyo hivyo: vinaficha doa kwa mwaka au miwili, kisha unaliona limetokea juu ya mstari wa mwisho wa vigae.

Masika ya kwanza yakija, bandika tena nailoni mahali palepale. Kama umefanya yote haya na matone bado yanatokea upande wa ukuta, nyumba yako haina DPC au imekatika, na hapo muite fundi wa kudunga dawa ya kuzuia unyevu kwenye maungio ya chini ya tofali au wa kukata ukuta na kulaza nailoni mpya kipande kwa kipande. Kabla hamjapatana bei, mwambie akuonyeshe kwa kidole ni msitari upi wa tofali atakaoshughulikia, na atapita vipi kwenye kona na milangoni.