Namna ya kugawa nyadhifa za vijana katika kundi la skauti na kuwapangia walezi

Mwezi Agosti 1907, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipowapeleka wavulana wapatao 20 kwenye kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, nchini Uingereza, aliwagawa katika patroli 4, yaani vikundi vidogo, na kila patroli akaiweka chini ya kijana mwenzao. Mfumo huo wa patroli ungali uti wa mgongo wa uskauti. Hata hivyo, yapo makundi ambayo vijana wana vyeo na beji ilhali maamuzi yote, hata ya nani alale hema gani, hufanywa na watu wazima. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia kama mlezi, yaani mtu mzima anayemwongoza kijana katika wadhifa wake, ili kila wadhifa uwe na kazi ya kweli ndani yake.

Hatua ya 1: Orodhesheni kazi kabla ya vyeo

Kaeni na vijana, mwandike kazi zote za miezi mitatu ijayo: mikutano, matembezi, kambi, michango, vifaa, barua kwa wazazi. Patroli ya vijana 6 hadi 8 kwa kawaida huhitaji kiongozi, msaidizi wake, katibu, mweka hazina, mtunza vifaa, msimamizi wa mapishi na msimamizi wa huduma ya kwanza. Kundi likiwa na patroli kadhaa, awepo pia kijana mmoja wa kuziratibu zote. Kundi likiwa dogo, kijana anaweza kushika nyadhifa mbili, isipokuwa kiongozi asiwe tena mweka hazina. Msibuni cheo kwa ajili tu ya kumridhisha kijana aliyebaki bila cheo, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kutambua kwamba hakina kazi.

Hatua ya 2: Andikeni mipaka ya maamuzi

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, nami naamini ndiyo inayobeba nyingine zote. Kwa kila wadhifa chukueni karatasi moja, muigawe sehemu tatu: mambo ambayo kijana huamua peke yake, mambo ambayo huamua baada ya kushauriana na mlezi, na mambo ambayo ni ya watu wazima pekee. Kiongozi wa patroli, kwa mfano, huamua peke yake zamu za kazi, mahali pa kila hema ndani ya eneo lililokaguliwa, na mchezo wa jioni. Njia ya matembezi na ratiba ya siku huzipanga na mlezi. Lakini kuogelea, dawa, kijana aliyeumia na uamuzi wa kuvunja kambi kwa sababu ya hali ya hewa hubaki kwa watu wazima. Mweka hazina huandika daftari, hutoa stakabadhi na husoma hesabu mbele ya wenzake, ila fedha zenyewe huhifadhiwa na mtu mzima, na kila matumizi huwa na saini mbili.

Sehemu ya kwanza ikibaki na jambo moja au mawili madogo, wadhifa huo bado ni pambo. Rudini mezani mkaongeze mambo, hata kama baadhi ya walezi watanung'unika.

Hatua ya 3: Wachagueni wenye nyadhifa

Karatasi zisomwe kwa sauti kwanza, ili mgombea ajue anachokiomba na mpiga kura ajue anachokitoa. Kisha patroli ichague kiongozi wake kwa kura ya siri, kwa kipindi cha miezi sita. Nyadhifa nyingine apendekeze kiongozi mwenyewe, akishauriana na mlezi.

Hatua ya 4: Mpangeni mlezi kwa wadhifa, si kwa kijana

Mlezi wa huduma ya kwanza awe mtu mwenye mafunzo hayo, na wa hazina awe mtu aliyezoea kutunza hesabu. Mlezi akifungamanishwa na wadhifa, ujuzi haupotei pale kijana mmoja anapoondoka na mwingine kuingia, na pia si rahisi kwa mtu mzima kujijengea kipenzi. Mzazi asiwe mlezi wa mwanawe, wala mlezi mmoja asibebe nyadhifa zaidi ya tatu.

Usalama wa vijana haujadiliwi. Historia ya kila mtu mzima ikaguliwe kabla hajaanza, na kila shughuli iwe na watu wazima wasiopungua wawili. Mazungumzo ya mlezi na kijana yafanyike mahali wanapoonekana na wengine, na ujumbe wa simu usiwe wa watu wawili tu, bali mzazi au mlezi wa pili awemo.

Hatua ya 5: Mlezi aseme kabla na baada, anyamaze katikati

Katika kambi yangu ya kwanza kama mlezi wa kiongozi wa patroli, vijana walinifuata kuuliza kuni zikatwe wapi, nami nikawajibu kwa nia njema kabisa. Kufikia siku ya tatu hakuna aliyemuuliza kiongozi wao jambo lolote, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kunifuata kama wenzake. Siku hizi jibu langu ni moja: "Muulize kiongozi wako."

Kabla ya shughuli, tumieni dakika 15 kwa maswali matatu: umepanga nini, nani anajua sehemu yake, na jambo gani likiharibika utafanyaje. Baada ya shughuli, kijana aseme kwanza, naye mlezi aongeze jambo moja tu la kurekebisha. Katikati, mlezi huingilia pale penye hatari, pale kijana anapodhalilishwa, au pale mipaka iliyoandikwa inapovukwa. Chakula kuchelewa kwa saa nzima hakumo katika hayo matatu, ingawa nakiri kwamba hapo ndipo ulimi huwasha zaidi.

Hatua ya 6: Liundeni baraza la viongozi wa patroli

Likutane angalau mara moja kwa mwezi, kijana akiwa mwenyekiti na katibu akiandika kumbukumbu. Mlezi huketi pembeni, huzungumza mwisho na hapigi kura. Ikiwa watu wazima watalazimika kutengua uamuzi wa baraza, sababu zielezwe mbele ya baraza lenyewe, siyo kwa kupitia uvumi.

Hatua ya 7: Simamieni makabidhiano

Kijana anayelemewa asivuliwe cheo hadharani katikati ya kipindi. Mpunguzieni kazi, msaidizi wake azichukue kwa muda, na mlezi akutane naye kila wiki hadi mambo yatulie. Kipindi kinapokwisha, anayetoka na anayeingia wafanye kazi pamoja kwa wiki nne, ya kwanza mpya akitazama tu, ya mwisho wa zamani akitazama tu. Ile karatasi ya mipaka waipitie upya, wapendekeze kipi kihame kutoka sehemu ya pili kwenda ya kwanza. Mtunza vifaa mpya na wa zamani wahesabu hema, kamba na sufuria wenyewe, waandike kilichopungua, watie saini, kisha ndipo wampelekee mlezi.