Jinsi ya kumfuatilia shemasi wa kike aliyesomea Gilmore House, Clapham

Gilmore House ilikuwa nyumba ya mafunzo ya mashemasi wa kike wa Kanisa la Anglikana huko Clapham, London. Anza na dayosisi kabla ya jina, maana wengi hukwama hapo. Hadi 1905 Clapham ilikuwa chini ya dayosisi ya Rochester. Mwaka huo ikaundwa dayosisi ya Southwark. Ukitafuta kumbukumbu za 1895 ndani ya Southwark utatoka mikono mitupu, nawe utadhani mwanamke huyo hakuwahi kuwapo.

Pili, weka miaka yako sawa. Isabella Gilmore, muuguzi wa Guy's Hospital na dada yake msanii William Morris, aliwekwa wakfu kuwa shemasi wa kike na Askofu Thorold wa Rochester mwaka 1887, akaongoza nyumba hiyo ya mafunzo hadi 1906.

Kisha fungua sensa ya Uingereza ya 1901 na ya 1911. Tafuta kwa anwani ya nyumba, usitegemee jina pekee, kwani makarani walikosea tahajia mara nyingi.

Usimhesabu kuwa mtawa. Shemasi wa kike aliwekewa mikono na askofu, akatumwa parokiani kuhudumia maskini na wagonjwa. Wala usimchanganye na wanawake waliopewa daraja la ushemasi, sawa na wanaume, kuanzia 1987. Hiyo ni daraja nyingine kabisa.